Kadi za punguzo la dizeli kwa wenye RV Marekani: ipi inakufaa wewe?

Mwaka wetu wa kwanza na RV, yaani gari-nyumba la kusafiria, nilikuwa na kadi tatu za punguzo la mafuta kwenye pochi na programu nne kwenye simu. Desemba nilitandaza risiti zote mezani nikapiga hesabu moja baada ya nyingine. Kadi mbili zilikuwa zimetuokolea pesa ya kununua pizza mara moja. Ya tatu ilikuwa imelipia karibu tangi zima. Na zote tatu zilitangazwa kwa maneno yanayofanana kabisa.

Ndiyo maana jamaa akinipigia kuniambia amenunua RV ya dizeli, akauliza kadi ipi ina punguzo kubwa, namrudisha kwenye swali jingine: galoni moja itakutoka kwa bei gani baada ya makato yote, kwenye barabara unayopita wewe? Punguzo la senti 50 kwenye kituo kinachouza ghali kuliko jirani yake kwa senti 60 ni hasara ya senti 10, hata risiti ikikupongeza kwa kuokoa.

Nitazilinganisha kwa safari moja tunayoifanya mara kwa mara, Columbus, Ohio, hadi Dallas. Ni kama maili 1,050: unashuka na barabara kuu ya I-71 hadi Louisville, I-65 hadi Nashville, I-40 kupitia Memphis hadi Little Rock, kisha I-30. RV yetu ni ile yenye injini nyuma, futi 38, tangi la galoni 100, na galoni moja inatupeleka maili 8 hivi barabara ikiwa tambarare na mguu ukiwa mwepesi. Safari nzima ni galoni 130 na ushee. Kurahisisha hesabu, nitachukulia kwamba mtu anayelipa kwa kadi ya benki kwenye kituo cha malori anatozwa dola 4 kwa galoni, yaani dola 520 kwa safari. Bei halisi hupanda na kushuka kila wiki. Juni 2022 wastani wa nchi nzima ulipita dola 5.80, na ndipo sisi tulipoacha kuziona kadi hizi kama mchezo.

Bango moja, bei tatu

Ukitoka barabara kuu ukaona bango refu la kituo cha malori, bei ya dizeli iliyoandikwa pale mara nyingi ni ya pesa taslimu. Ukilipa kwa kadi ya benki kwenye njia ya malori bei inapanda, kwa kawaida kama senti 10. Na lori lililosimama pampu ya pili linalipa bei ya tatu ambayo haijaandikwa popote, kwa sababu kampuni yake ina mkataba na kituo. Kadi ya punguzo yenye maana ni ile inayokuingiza wewe, mwenye gari moja tu, kwenye bei hiyo ya tatu.

Mikataba yenyewe iko ya namna mbili. Ya kwanza huanza na bei ya reja reja na kutoa senti fulani. Ya pili huanza chini: bei ya mafuta kwenye bohari siku ile, ikaongezwa usafiri, kodi na faida kidogo ya kituo. Kituo kikipandisha bango kupita kiasi, namna ya pili inakuokolea pesa nyingi. Kikibana bei kwa sababu jirani anashindana nacho, punguzo linaweza kubaki senti chache. Kwa hiyo usishangae kituo kimoja kukupa senti 60 leo, na kingine chenye jina lile lile maili 100 mbele kukupa 15. Hakuna aliyekudhulumu. Mkataba unafuata bei ya kununulia, na bango linafuata ushindani wa mahali pale.

Hili nalikazia kwa sababu watu huziacha kadi nzuri wakidhani zimeharibika, na huzing'ang'ania kadi dhaifu kwa sababu punguzo lake halibadiliki. Senti 8 kila siku zinampa mtu utulivu wa moyo. Senti 40 leo, 20 kesho, 55 keshokutwa ni pesa nyingi zaidi mwisho wa mwezi.

Kadi ya TSD, au Open Roads

TSD Logistics ni kampuni ya usafirishaji ya Texarkana, Texas, mji ambao I-30 inaupitia kabla hujafika Dallas. Mpango wake wa wenye RV siku hizi wengi wanaujua kwa jina la Open Roads. Wazo ni jepesi kulieleza: wenye RV wanaingizwa chini ya mwavuli wa bei ya malori.

Hakuna ada ya mwaka. Wanachukua asilimia 10 ya kile ulichookoa. Ukiokoa senti 45, wao wanakata 4.5 na wewe unabaki na 40.5. Kwa galoni 130 hiyo ni dola 52.65, na safari ya dola 520 inakuwa ya 467.35. Kati ya vituo vikubwa inakofanya kazi ni TA na Petro, ambavyo tangu 2023 ni mali ya BP. Programu ya simu inakuonyesha bei yako kwenye ramani kabla hujatoka barabara kuu, na mimi hilo nalithamini sawa na punguzo lenyewe, kwa sababu kugeuza futi 38 na gari jingine nyuma yake si jambo la kujaribu jaribu.

Sasa upande wa pili. Hii si kadi ya mkopo. Fedha zinavutwa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, na akaunti ikiwa tupu utakuwa na tatizo na benki na kadi kwa pamoja. Hupati pointi zile ambazo kadi yako ya benki ingekupa. Ni ya dizeli tu, kwa hiyo gari dogo la petroli unalolivuta nyuma litajazwa kwa njia nyingine. Na kadi inakuja kwa posta, basi usiiombe ukiwa umeshafunga mizigo.

Kuna jambo moja linalozihusu kadi zote za jamii hii, nalo nililijua kwa maumivu. Ilikuwa usiku, mvua, tumeshavuka Memphis tuko ndani ya Arkansas, watoto wamelala. Niliona bango lenye jina lililokuwa kwenye orodha ya kadi fulani ambayo sinayo tena. Nikaingia, nikajaza galoni 70. Risiti ilitoka na bei kamili, senti hata moja haikupungua, na chini yake mstari wa ada ya muamala. Kumbe kituo kile kilikuwa cha mtu binafsi aliyekodi jina tu, na hakikuwa ndani ya mkataba. Tangu siku ile siliamini bango. Nafungua programu, naangalia kituo chenyewe kwa namba ya njia ya kutokea, na kama hakimo napita.

Mudflap

Hii ni programu ya simu. Ilitengenezwa kwa ajili ya madereva wenye malori yao wenyewe, wale ambao hawana kampuni kubwa ya kuwatafutia bei, na wenye RV za dizeli nao wakaigundua. Unaunganisha njia ya malipo, unachagua kituo kwenye ramani, inakupa namba ya kuingiza kwenye pampu au kumtajia mtu wa kaunta. Punguzo linaonekana kabla hujashika pampu. Mtumiaji halipi ada, kwa kuwa kituo ndicho kinachoilipa kampuni kwa kuletewa mteja.

Nguvu yake iko kwenye vituo huru, vile vya familia au vya kampuni ndogo za jimbo moja. Huko bango lenyewe mara nyingi tayari liko chini. Tuseme kituo kimeandika 3.90 na programu inatoa senti 35: galoni inakutoka kwa 3.55, na kwa galoni 130 ni dola 461.50. Umeishinda kadi ya TSD kwa karibu dola 6.

Lakini hutazipata galoni zote 130 kwenye vituo vya aina hiyo. Vingine viko maili kadhaa ndani, vingine uwanja wake ni changarawe yenye mashimo, na vingine pampu haikubali namba, inabidi uingie ndani umweleze kijana wa zamu ambaye ameanza kazi wiki hii. Mimi naitumia mchana, nikiwa na muda, na kituo nikiwa nimekitazama kwanza kwa picha ya angani. Soma pia masharti ya kujisajili, ueleze gari lako kama lilivyo. Usijiandike kampuni ya malori kama wewe ni familia inayotembea.

Good Sam na vituo vya Pilot

Good Sam ni klabu ya wenye RV yenye ada ya mwaka. Punguzo la mafuta lililojulikana kwa miaka mingi kwa wanachama wake ni senti 8 kwa galoni ya dizeli na senti 5 kwa petroli, kwenye vituo vya Pilot na Flying J vinavyoshiriki. Kwa safari yetu hiyo ni dola 10.40.

Uzuri wake ni kwamba unalipa kwa kadi yako mwenyewe ya benki, hivyo unaweza kurundika faida mbili. Kama benki yako inarudisha asilimia 3 kwenye mafuta, dola 509.60 zinakurudishia 15.29, na safari inakutoka kwa 494.31. Bado iko juu ya TSD kwa dola 27 hivi.

Mtu asijiunge na Good Sam kwa ajili ya dizeli. Ajiunge kwa sababu ya punguzo la asilimia 10 kwenye kambi za kuegesha RV zinazoshirikiana nao. Familia inayolala kambini usiku 30 kwa mwaka itarudisha ada mapema, na senti 8 za dizeli zitakuwa nyongeza. Pia baadhi ya vituo vya Pilot na Flying J vina njia maalumu za RV, zenye nafasi ya kugeuza, gesi ya kupikia na mahali pa kumwaga maji taka. Kwa mtu anayeanza, ambaye bado anaogopa kuingia katikati ya malori, njia hizo zina thamani ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Pointi za dukani

Kroger, maduka makubwa ya vyakula, inatoa pointi moja kwa kila dola ya manunuzi ya kawaida. Pointi 100 ni senti 10 kwa galoni, na pointi 1,000 ni dola nzima kwa galoni kwenye vituo vyake. Dola nzima! Hakuna kadi ya malori itakayokaribia hapo. Ila ni hadi galoni 35 kwa kujaza mara moja, na pointi za mwezi huu zinakufa mwisho wa mwezi ujao. Kwa hiyo faida ya juu kabisa ni dola 35 kwa mkupuo mmoja, ukiwa umetumia karibu dola 1,000 kwenye unga, mchele na mafuta ya kupikia. Familia zetu kubwa tunafika huko bila kujilazimisha.

Tatizo ni nafasi. Vituo vya maduka vimejengwa kwa magari madogo, na si vyote vina dizeli. Mwenye vani ya Sprinter anaingia bila wasiwasi. Mwenye pikapu inayovuta nyumba ya magurudumu anaweza kuiacha nyumba kambini, akaenda kujaza pikapu peke yake. Mwenye RV kama yetu asijaribu. Sisi tunavuta gari dogo nyuma likiwa na magurudumu yote manne chini, na mkokoteni wa namna hiyo haurudi nyuma. Ukikwama kati ya pampu na nguzo, unashuka, unalifungua gari la nyuma, unalisogeza, na foleni nzima inakutazama.

Costco, duka la jumla la wanachama, ni hadithi hiyo hiyo: bei nzuri sana pale penye dizeli, lakini ni vituo vichache, foleni ndefu, na kona kali.

Kadi ya kawaida ya benki

Hii watu wanaidharau, na wanakosea. Asilimia 3 ya dola 4 ni senti 12, tayari zaidi ya punguzo la klabu. Ukiongeza programu ya kulinganisha bei za vituo kama GasBuddy, ukapata kituo cha kawaida nje kidogo ya barabara kuu kinachouza 3.60, safari inakuwa dola 468, na ukirudishiwa 14.04 inabaki 453.96. Hiyo ni chini ya zote nilizotaja.

Nani anaweza kuipata bei hiyo? Mwenye gari linaloingia popote. Mwenye RV kubwa atakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni nafasi, tumeshakieleza. Cha pili ni kikomo cha pampu. Mwaka 2022 Visa na Mastercard zilipandisha kiwango wanachokubali kwenye pampu kutoka dola 125 hadi 175, na vituo vingine vimeweka kikomo chao cha chini zaidi. Dola 175 kwa bei ya dola 4 ni galoni 43 tu. Kujaza tangi letu inabidi kupitisha kadi mara mbili au tatu, na benki nyingine mara ya tatu inadhani kadi imeibwa, inaifunga. Ukiwa na safari ndefu, pigia benki kabla.

Angalia pia jinsi benki yako inavyohesabu. Mafuta ya Costco na maduka ya jumla mara nyingi hayahesabiwi kuwa mafuta, na ile asilimia 3 inageuka kuwa 1.

Ushauri wa dereva wa lori, na kodi

Karibu kila familia ya Waafrika Mashariki au Wakongomani ninayoijua huku ina ndugu anayeendesha semi, yaani lori kubwa la trela. Hao ndio walimu wetu wa dizeli. Wanajua kila kituo kuanzia Laredo hadi Chicago, na wanapenda kusaidia. Lakini kuna somo lao moja ambalo kwa mwenye RV limepinda.

Tulikuwa Cincinnati, kabla ya daraja la Mto Ohio, nikampigia shemeji.

"Shemeji, nijaze hapa au nivuke kwanza Kentucky?"

"Jaza hapo hapo, shemeji. Naona kwenye programu yangu Ohio iko chini kwa senti 11. Usivuke bila kujaza."

Nilijaza galoni 85. Tukavuka daraja, tukapanda kile kilima cha upande wa pili, na kituo cha kwanza tulichokiona kilikuwa chini kwa senti 13 kuliko nilivyolipa. Dola 11 zimekwenda. Nikampigia tena.

"Ah, nisamehe, shemeji. Mimi naangalia bei bila kodi. Kodi yangu inakuja kuhesabiwa mwisho wa robo."

Alikuwa sahihi kwa lori lake. Malori makubwa yanayovuka majimbo yako chini ya mkataba wa IFTA: kodi ya mafuta ya jimbo hulipwa kwa maili zilizoendeshwa ndani ya jimbo, popote mafuta yaliponunuliwa. Akijaza Ohio, ile senti 47 ya kodi ya dizeli anahesabiwa kuwa ameshalipa, na kila robo mwaka vitabu vinasawazishwa. Kwake pampu yenye kodi kubwa si ghali, anachokitazama ni bei ya mafuta yenyewe. RV ya matembezi ya familia haimo kwenye IFTA. Kodi uliyolipa pampuni umelipa, hairudi, haihamishwi.

Ichukulie hivi: pampu ya Ohio na pampu ya Texas zote zinasoma 3.70. Ohio inakata senti 47, Texas senti 20. Kwa shemeji mafuta ya Ohio ni 3.23 na ya Texas ni 3.50, atajaza Ohio mpaka shingoni. Kwako wewe ni 3.70 na 3.70. Tofauti hiyo ya senti 27 kati ya majimbo mawili ni zaidi ya mara tatu ya punguzo la klabu, na hakuna kadi inayoifuta. Kodi ya serikali kuu, senti 24.4 kwa galoni, ni ile ile kila mahali, hiyo usihangaike nayo.

Kwa hiyo ndugu yako akikutumia picha ya bei kwenye programu yake, muulize kwanza kama kodi imo.

Ukifika kwenye pampu ya malori

Kadi ya TSD na programu ya Mudflap zinakupeleka kwenye njia za malori, na huko kuna desturi zake. Ukipitisha kadi ya malori, pampu itakuuliza maswali: namba ya dereva, namba ya gari, pengine maili. Majibu yake unayapata wakati wa kusajili kadi, yaandike mahali, si wakati wa kuyakumbuka huku nyuma yako pana taa za lori.

Kisha itauliza mafuta ni ya trekta au ya rifa, yaani ya injini inayoendesha gari au ya mtambo wa kupoza shehena. Chagua trekta, kila siku. Mafuta ya rifa yanaweza kuwa yametiwa rangi nyekundu na hayajalipiwa kodi ya barabara. Ukikamatwa nayo kwenye tangi la kuendeshea, adhabu ya serikali kuu huanzia dola 1,000.

Pampu zile zina kasi. Mdomo wake ni mnene na kwenye pikapu au vani huenda usiingie kabisa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo aangalie kabla ya kuomba kadi ya malori. Hata kwenye tangi kubwa anza taratibu, dizeli hutoa povu, na povu likifika juu pampu inajikata ukadhani tangi limejaa. Faida moja: DEF, dawa ya maji ya kusafisha moshi wa dizeli, ile ambayo Ulaya na kwetu inaitwa AdBlue, inapatikana hapo hapo kwa bomba, kwa bei ya chini sana kuliko madumu ya galoni 2.5 ya dukani. RV nyingi za dizeli kuanzia injini za 2010 zinaihitaji.

Ukimaliza, sogea mbele hadi mstari wa kusubiria ndipo uingie dukani. Dereva aliye nyuma yako ana saa 11 tu za kuendesha ndani ya saa 14 tangu aanze zamu, na saa hiyo haisimami ukiwa unanunua kahawa. Huenda ni shemeji yako.

Basi uchague ipi?

RV kubwa yenye injini nyuma, na unasafiri zaidi ya maili 3,000 kwa mwaka: kadi ya TSD kwanza, Mudflap pembeni. Good Sam ongeza tu kama unalala kwenye kambi zao. Ukitembea chini ya hapo, mara moja au mbili kwa mwaka, TSD bado inafaa kwa kuwa haina ada, lakini hutapoteza kitu kikubwa ukiishi na kadi ya benki na njia za RV za Pilot.

Pikapu ya dizeli inayovuta nyumba ni kesi ngumu zaidi. Ukiwa unavuta, unahitaji nafasi ya kituo cha malori lakini mdomo wa pampu unaweza kukukatalia. Ukiwa umeegesha kambini, una uhuru wote. Mimi ningejaza tangi kwa pointi za duka kabla ya kuondoka, ningetafuta vituo vya barabarani vyenye dizeli kwenye njia za magari madogo zenye nafasi, na ningelipa kwa kadi ya benki inayorudisha asilimia. Tangi la pikapu ya Ford F-350 ni galoni 34 au 48 kulingana na bodi, na la 34 linaingia lote kwenye kile kikomo cha galoni 35 cha Kroger.

Vani ya Sprinter, yenye tangi la galoni 24 hivi: usijisumbue na kadi za malori. GasBuddy, kadi ya benki, na pointi za duka.

Sisi leo tuna kadi moja ya malori, programu mbili, na karatasi niliyoibandika juu ya usukani. Kwa Columbus hadi Dallas ina mistari miwili tu: ya kwanza kituo kilicho upande wa Kentucky baada ya daraja, ya pili kituo tunachokifikia tukikaribia Little Rock, kama maili 600 baadaye, robo ya tangi ikiwa imebaki.